Majipu yasiyoisha, na VVU hakuna

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu wa kiume ana miaka 4. Tangu uchangani anatoka majipu, na tezi za shingo zinatunga usaha. VVU amepimwa mara 3, hana. Juzi usaha ulioteshwa maabara akaonekana bakteria Serratia marcescens, nikaambiwa labda ni uchafu wa sampuli. Kaka yangu alifariki mdogo akiwa hivihivi. Majirani wanasema ni damu chafu. Nina mimba ya miezi 7. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mama, na pole. Karatasi hiyo ya maabara itunze.

"Hana VVU, basi kinga yake ni nzima." Kauli hii naisikia kila wiki, na inachelewesha watoto. Kipimo kile kinatafuta kirusi kimoja tu, hakipimi kinga. Kuna watoto wanaozaliwa na ugonjwa sugu wa granuloma: chembechembe nyeupe za damu zinammeza bakteria vizuri, ila haziwezi kutengeneza kemikali za oksijeni za kumuua. Anabaki hai humo humo, usaha unatunga. Serratia ni nadra kumletea jipu mtoto mwenye kinga kamili, kwa hiyo hapo "uchafu wa sampuli" sikubali haraka. Aina ya ugonjwa huu inayoonekana zaidi hupitia kwa mama, ikawapata wavulana. Ndiyo maana habari ya kaka yako imenishtua.

Omba rufaa, apimwe uwezo wa chembechembe hizo kwa damu mbichi. Akithibitika, kwa kawaida hutumia Septrin kila siku pamoja na dawa ya fangasi, itraconazole. Na mtoto wa tumboni: waambie wahudumu mapema wasimchome BCG, chanjo ya kifua kikuu, hadi apimwe, kwa sababu ina bakteria hai.

Damu chafu haipo. Nilimpokea mtoto wa miaka 6, kidonda cha kwapani kimezibwa kwa majani yaliyotwangwa na samadi, yamekauka kama udongo wa ukutani. Tuliyalowesha kwa maji ya chumvi muda mrefu ndipo tukakiona kidonda. Kwa watoto wenye ugonjwa huu wa granuloma hata vumbi la majani yaliyooza lina fangasi wanaoweza kuua mapafu. Wazazi wale walikuwa wameshamaliza chupa kadhaa za "kusafisha damu", pesa ya nauli ya kufika hospitali ikaishia humo.

Nanyi wenye maduka ya dawa, mnaouza vidonge vitano vya antibayotiki bila cheti: jipu linatulia, ugonjwa unabaki, na usaha ukioteshwa baadaye hauoti kitu. Mtoto akirudi kwenu na jipu mara ya tatu, msimuuzie. Mwelekezeni hospitali usaha uchukuliwe kwanza.