Usiitoe injini kabla hujagonga chesisi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Nakuru. Hatujambo sote. Baba yako ameshinda shambani Njoro tangu asubuhi, nami nimepata nafasi ya kukaa na kukujibu vizuri, maana jambo uliloniuliza halimaliziki kwa simu.

Umesema fundi wako hapo Kisumu ameiangalia ile Land Rover uliyoinunua Kitale, akakushauri uitoe injini yake ya petroli, uweke ya dizeli ya Toyota, upige rangi, na Desemba uje nayo nyumbani. Ukaniuliza, “Mama, wewe umeuza spea za magari haya miaka yote hiyo, nifanye hivyo?”

Usifanye. Hujui bado kama gari lenyewe linastahili injini yoyote, na kuijua hali yake hakugharimu chochote isipokuwa nyundo na nguo za kuchafua.

Kwa picha ulizonitumia, hiyo ni Series III, ile fupi ya inchi 88 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Grili ni ya plastiki na saa za dashibodi ziko mbele ya dereva, si katikati kama zilivyokuwa kwenye Series II. Zilitengenezwa kati ya 1971 na 1985. Umefurahi kwamba bodi haina kutu, nami nakuomba furaha hiyo uiweke kando kwanza. Bodi ya Land Rover haishiki kutu kwa sababu ni aloi ya alumini. Gari la kwanza lilipoonyeshwa Amsterdam mwaka wa 1948, chuma kilikuwa haba Uingereza baada ya vita, kwa hiyo wakatumia alumini kwa bodi na kubakiza chuma pale pasipokwepeka, yaani chesisi, ile fremu ya chini inayobeba gari lote, na ule ukuta wa mbele ambao mafundi wanauita fayawoli. Nimewaona watu wengi wakija kaunta kununua vioo na taa za gari ambalo chini limeoza, wakidanganywa na bodi inayong'aa.

Kwa hiyo Jumamosi hii acha injini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nawe utalala kabisa. Inua gari kwa jeki, lakini usiingie chini likiwa limeshikwa na jeki peke yake. Weka stendi za chuma au magogo ya mti mgumu, kisha lisukume kwa bega uone kama linacheza. Vaa miwani. Anza mbele ukigonga chesisi kwa nyundo ndogo, shubiri kwa shubiri, hadi nyuma. Chuma kizima kinalia kwa sauti kali na nyundo inakurudia mkononi. Kilichooza kinatoa sauti nzito, nyundo inazama kidogo, na pengine magamba ya kutu yatakumwagikia kifuani. Kila unaposikia hivyo, weka alama ya chaki.

Chesisi hiyo ina uwazi ndani. Matope yakishaingia hayatoki, yanakaa na unyevu wake mwaka baada ya mwaka, na kutu inaanzia ndani ikija nje. Ndiyo maana tundu dogo unaloliona nje lina ndugu zake wakubwa ndani. Kaa zaidi kwenye boriti ya nyuma kabisa, pale ndoano ya kuvutia inapofungwa. Kwenye mikono inayotokeza pembeni chini ya milango. Na pale springi zinaposhikwa. Halafu inua mazulia uangalie sakafu ya miguu, na pembe za fayawoli chini ya kioo cha mbele. Ukiona unga mweupe pale bodi inapokutana na chuma, hiyo ni alumini inaliwa. Madini hayo mawili yakigusana penye maji, alumini ndiyo inayoumia, na hewa ya hapo ziwani haikosi unyevu.

Kama ni sehemu mbili tatu zilizooza, gari linatengenezeka, tena vizuri. Wapo wakunja chuma hodari pale Kibuye. Waambie wakate kutu yote hadi wafike kwenye chuma kizima, ndipo wachomelee bati la milimita 2 au 3. Wasikubandikie kiraka juu ya uozo, maana kitashika miezi michache tu. Na kabla hawajawasha mashine, toa nyaya za betri na za olteneta, kisha ufungue tenki la petroli lililo chini ya kiti cha dereva ulipeleke mbali na cheche. Usiseme ni tupu. Mvuke uliobaki kwenye tenki tupu ndio unaolipuka. Hili nalisema kama mama, wala sitaki tubishane juu yake.

Lakini kama chesisi yote ni laini, nipigie kabla hujatoa hata shilingi moja. Chesisi mpya zilizochovywa zinki bado zinatengenezwa Uingereza, ila bei yake na nauli ya meli inataka mtu akae chini apige hesabu.

Ukimaliza chesisi, kinachofuata ni breki, hata kama utaona hamu ya kusikia injini ikilia. Wewe utakuja nyumbani kwa barabara ya Kericho, utapanda hadi Mau Summit, na kutoka pale utateremka Sachangwan hadi Salgaa ukiwa katikati ya malori. Unajua mteremko ule umewala watu wangapi. Gari lako lina breki za drami, zile za ngoma ya chuma, magurudumu yote manne, na mengi ya aina hiyo yana njia moja tu ya mafuta ya breki. Raba moja ya kuzuia mafuta ikivuja kwenye gurudumu moja, pedali inazama hadi sakafuni na huna breki popote. Kwa hiyo raba zote zibadilishwe hata zile zinazoonekana nzima, paipu za mpira ziwe mpya, na mafuta ya zamani yamwagwe yote, kwa sababu mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani na maji hayo huchemka ukikanyaga breki mteremko mrefu. Unapofungua drami usipulize vumbi lake kwa kompresa wala kwa mdomo. Bitana za zamani, yaani vile vipande vinavyosugua drami ukikanyaga breki, zilikuwa na asbesto, na vumbi hilo likiingia kwenye mapafu halitoki. Lowesha kwa maji, ufute kwa kitambaa, ukitupe.

Sasa injini. Iliyo humo ni ya lita 2.25, silinda nne, nguvu za farasi kama 70. Si ya mbio. Lakini ni injini ambayo mtu anaweza kuifungua uani kwake kwa spana za kawaida, akaiona yote, akaifunga tena. Kusimama muda mrefu hakumaanishi imekufa. Toa plagi zote nne, mimina ndani ya kila silinda oili kidogo iliyochanganywa na mafuta ya taa, uiache siku kadhaa ilegeze. Usiguse stata. Weka gia kwenye fri, ingiza hendeli kupitia tundu la bampa ya mbele, uizungushe pole pole kwa mkono. Na ushike hivi: kidole gumba kiwe upande ule ule wa vidole vingine, kisiizunguke hendeli. Plagi zikiwa nje hakuna hatari kubwa, ila zoea tangu sasa, maana siku utakayoiwasha kwa hendeli injini inaweza kurusha nyuma, na gumba lililozunguka huvunjika.

Ikizunguka bila kukwama, pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, ya silinda zote. Usitafute namba kubwa sana, tafuta zilizokaribiana. Kisha safisha kabureta, weka uwazi wa pointi za distribyuta kwenye milimita 0.4 na wa vali zote 0.25, nyaya za plagi zifuate mpangilio wa 1-3-4-2. Mara nyingi hapo ndipo gari linapowaka, na yule aliyeshauri injini itolewe anabaki akitazama. Fundi akikwambia thamostati, ile vali inayodhibiti joto la maji ya injini, haina kazi nchi ya joto, kataa. Tabia hiyo ya kuzitoa naijua sana. Injini hiyo inataka ifike joto lake na ikae hapo. Kama inachemka, dawa ni kusafisha rejeta.

Jambo moja la kweli kuhusu injini hiyo ni kwamba ilibuniwa wakati petroli ilikuwa na madini ya risasi, ambayo ilikinga viti vya vali za ekzosti. Petroli ya risasi iliondolewa nchini kufikia 2006. Siku utakayofungua silinda hedi, ipeleke kwa wachongaji waweke viti vigumu, na jambo hilo litakuwa limekwisha.

Simlaumu fundi wako kwa kutaja dizeli. Ulichonunua kinakunywa; usitarajie zaidi ya kilomita 6 hivi kwa lita, na kama ungekuwa unabeba maziwa kila siku kutoka Molo ningekwambia tuizungumzie. Lakini wewe unaitaka ya wikendi na ya kuja nyumbani. Kuweka Toyota si kufunga boliti tu. Inahitaji sahani ya kuunganisha injini na giaboksi, na ikichongwa ikaenda upande hata kidogo, inakula klachi na beringi kila mara. Dizeli yenye nguvu nyingi itavunja shafti za eksili ya nyuma, ambazo kwenye hizi fupi ndizo nyonge. Kama gari lina busta ya breki, ile inayopunguzia mguu kazi, dizeli haina uvutaji wa kuiendesha, lazima pampu nyingine. Halafu namba ya injini itatofautiana na ya logbuku, na itabidi NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, waibadilishe. Nimewauzia spea watu walioanza safari hiyo, na walirudi kaunta mara nyingi kuliko waliotengeneza injini waliyoikuta. Basi ijaribu kwanza ya kwake. Ikishindikana kabisa, Toyota zitakuwepo.

Rangi iwe ya mwisho, tena usiharakishe. Alumini inataka praima yake maalumu, la sivyo rangi itabanduka kama ganda la kiazi.

Kabla ya yote haya, itafute namba ya chesisi kwenye chuma kinachoshika springi ya mbele kulia. Isugue kwa brashi ya waya taratibu, usitumie msasa wala grainda, usije ukaifuta. Ilinganishe na logbuku uliyopewa Kitale, unitumie picha ya zote mbili. Ukifungua gurudumu, pima pia kipenyo cha drami. Nyingi za inchi 88 zina drami za inchi 10, lakini gari la umri huo huenda lilishabadilishwa eksili, na sitaki kununua raba zisizoingia. Nikipata vipimo kufikia Alhamisi, nitazichukua mjini na kuzipakia kwenye matatu ya Kisumu ya Ijumaa asubuhi, pamoja na bitana. Baba yako anauliza kama ile spana ya soketi aliyokupa bado unayo.

Mama yako