"Ungefanyaje?" Swali Linaloangusha Wengi Kwenye Usaili

Msomaji mmoja ameniandikia kwa uchungu. Maswali yote ya usaili aliyamudu, ila alipoulizwa angefanyaje mteja akimfokea mbele ya watu, alijibu "ningetulia" akanyamaza. Hajaitwa mpaka leo. Pole, ndugu yangu. Mimi wiki iliyopita nimesaini mkataba, na kilichonivusha ni swali la aina hiyohiyo.

Niliulizwa hivi: bosi yuko safarini, simu haipatikani, mzabuni anatishia kusitisha huduma, na mwenzako anakuomba uidhinishe malipo kwa nywila ya bosi. Ungefanyaje? Nikasema nywila ya mtu siigusi. Namtafuta anayekaimu, akikosekana, aliye juu ya bosi. Nampigia mzabuni kuomba muda, kisha namwandikia barua pepe ili ibaki kumbukumbu. Bosi akirudi, habari aipate kwangu kwanza. Msaili wa pembeni, ambaye muda wote alikuwa akichezea kalamu, akaanza kuandika. Kuna jopo liliwahi kuniambia sijakomaa. Natamani wangekuwepo!

Usaili wa namna hii ulielezwa kitaalamu mwaka 1980 na mwanasaikolojia wa mambo ya kazi, Gary Latham, na wenzake. Matukio halisi ya kazini hugeuzwa maswali, na mifano ya majibu hupangiwa alama mapema. Kwa hiyo acha kuhangaika kumfurahisha msaili, tafuta alama zilipo. Mara nyingi zipo pale mambo mawili yanapovutana: kwangu ilikuwa haraka ya malipo na utaratibu. Utaje mvutano huo waziwazi, kisha useme unaanza na lipi na kwa nini.

Vijana wenzangu, acheni kukariri majibu ya mtandaoni! Chukua tangazo la kazi, soma jukumu mojamoja, jiulize likiharibika litaharibikaje. Palipoandikwa "kushughulikia malalamiko", mteja mwenye hasira yupo njiani. Jibu kwa sauti, jirekodi, jisikilize. Wakikuuliza "umewahi", hapo wanataka kisa cha kweli, usiwape "ningefanya".

Swali likiwa halijakaa sawa, uliza: nina mamlaka ya kumrudishia mteja fedha, au ni la meneja? Wakikwambia uamue mwenyewe, sema "nikichukulia sina", halafu endelea.