Maswali ya Wasomaji: Kalenda ya Kilabu na Siku za Uwanjani

SWALI: Ndugu mhariri, mimi ni katibu wa kilabu kidogo cha magari hapa Leicester, Uingereza. Tuko wanachama kumi na tisa, wengi wetu wenye asili ya Tanzania na Kenya, na kila msimu tunakwenda pamoja kuendesha magari yetu katika viwanja vya mbio siku ambazo hazina mashindano. Tarehe tunaziweka katika kalenda ya pamoja ya simu, ambayo kila mwanachama anaruhusiwa kuiandika. Mwaka jana siku moja iliahirishwa kwa wiki moja. Mmoja wetu akairekebisha tarehe, mwingine akaiingiza upya, na wawili wakaamka alfajiri kwenda kwenye uwanja uliofungwa. Tufanyeje?

JIBU: Ndugu katibu, wape pole wenzako hao wawili. Anza na ruhusa: watu wawili tu wawe na uwezo wa kuandika, wewe na msaidizi wako, na wengine wote waione bila kuigusa. Kisha uliza kila mmoja aliipataje kalenda hiyo, kwa sababu aliyepakua faili la tarehe na kuliingiza kwenye simu yake ana nakala ambayo haitabadilika hata ukirekebisha mara kumi, ilhali anayeifuatilia kwa kiungo hupata kila badiliko. Nina hakika katika watu kumi na tisa mtawakuta kadhaa wenye nakala za zamani, nao hawajui.

Siku ikifutwa, usiiondoe. Iache mahali pake na uandike IMEFUTWA mwanzoni mwa kichwa chake, kwa kuwa tarehe iliyotoweka kimya humfanya mtu adhani simu yake ndiyo yenye hitilafu. Tarehe ambayo bado hamjailipia nayo iandikwe HAIJATHIBITISHWA, ili mtu asiombe ruhusa kazini kabla ya wakati.

Jina la uwanja peke yake halitoshi. Silverstone ina njia kadhaa, National ya kilomita 2.6 na ile ndefu ya Grand Prix ya kilomita 5.9 zikiwa miongoni mwake, na maegesho ya timu yako sehemu mbili zilizo mbali, kwa hiyo dereva asiyejua ni njia ipi anaweza kupoteza nusu saa akitafuta wenzake. Brands Hatch, kule Kent, nayo ina njia fupi ya Indy na njia ndefu inayopita msituni. Andika hivi, kwa mfano: «SILVERSTONE National, IMETHIBITISHWA. Usajili 07:30, maelekezo 08:30, njia kufunguliwa 09:00. Kelele: angalia kikomo.»

Hicho kikomo cha kelele ndicho ningekipa nafasi kubwa zaidi, maana hutofautiana kati ya uwanja na uwanja, na hata kati ya siku na siku katika uwanja uleule, kwa ajili ya majirani. Gari hupimwa likiwa limesimama, kifaa kikiwekwa nusu mita kutoka mdomo wa egzosi, injini ikizungushwa hadi robo tatu ya kasi yake ya juu. Mwenye sailensa ya kubadilisha anahitaji kuijua namba hiyo wiki kadhaa kabla, akiwa bado gereji, wala si asubuhi ile ile akiwa kwenye foleni ya kupimwa huku ada ameshalipa.

Liko pia jambo linalotuhusu sisi wenye Kiswahili. Katika kilabu nilichokuwamo, mtu aliandika «maelekezo saa 2» akimaanisha saa mbili asubuhi, na kijana aliyezaliwa huku akaisoma kama saa nane mchana. Alipofika, maelekezo ya madereva yalikuwa yamekwisha, na asiyeyahudhuria haruhusiwi kuingia njiani. Tangu hapo tuliandika kwa tarakimu nne tu, 08:00, na mwezi kwa jina lake, kwa kuwa 04/07 huweza kusomwa kama Aprili au Julai.

Hata kalenda inayofuatiliwa kwa kiungo huchelewa wakati mwingine, na badiliko linaweza kuchukua saa nyingi kufika katika simu za watu. Kwa hiyo badiliko lolote lililo ndani ya siku mbili kabla ya safari mpigie simu kila aliyelipa, na uweke alama kwenye jina lake anapopokea.