Kabla hujabeba kikapu: kwa mnaoanza huduma za jamii kanisani

Wapendwa mlioandikisha majina kwenye daftari la huduma, karibuni sana. Nimetumika kwenye makundi haya hapa Mbeya kwa miaka mingi: hospitali, gereza, wajane, watoto wa masomo ya jioni, na kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Nimeona watu wakianza kwa moto mkubwa na kuishia njiani. Hawakupungukiwa upendo hata kidogo. Walidhani huduma ni yao, na mzigo wa kitu ambacho ni chako peke yako hukuelemea mapema.

Huduma ni ya kanisa. Kwa Wabaptisti, mambo ya kanisa la mahali pamoja huamuliwa na washirika kwenye kikao chao, mchungaji na mashemasi wakiongoza. Kikao hicho ndicho kilichopitisha kuwe na huduma ya hospitali, ndicho kilichotenga fedha, na ndicho kinachokutuma wewe. Someni Matendo sura ya 6. Wajane wa Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku, manung'uniko yakazuka, na mitume hawakumtafuta mtu mwema mmoja ajitolee kimyakimya. Waliita mkutano, na mkutano ukachagua watu saba wenye sifa njema. Kila nitakachowaambia hapa chini kinatoka hapo.

Wengi wenu mmeomba kundi la hospitali, kwa hiyo nianze huko. Hospitali ya Rufaa ya Kanda hupokea wagonjwa kutoka nyanda za juu kusini zote. Mtu aliyeletwa kutoka Sumbawanga au Mpanda anaweza kulala wiki mbili bila ndugu wa kumletea uji. Mkiingia wodini, msiende moja kwa moja kitandani. Nendeni kwa muuguzi wa zamu, mjitambulishe, mumuulize ni nani hana mtu na ni nani hatakiwi kula. Kuna anayesubiri upasuaji aliyeambiwa asitie kitu tumboni, na kuna wa kisukari. Kikombe cha uji kilichotolewa bila kuuliza kinaweza kuahirisha upasuaji ambao mgonjwa ameusubiri siku nyingi, na hapo mtakuwa mmemwongezea maumivu kwa nia njema.

Kisha msalimie mgonjwa kwa heshima ya umri wake, shikamoo kwanza kama ni mkubwa kwako. Mwambie jina lako na kanisa ulikotoka, muulize ameamkaje. Usimuulize anaumwa nini. Akitaka kukueleza atakueleza, mara nyingi mara ya pili au ya tatu mkionana. Kama kuna benchi, keti; mtu aliyelala akisimamiwa kichwani hujisikia anakaguliwa. Ukitaka kuomba, omba ruhusa: "Mama, tunaweza kuomba pamoja?" Maombi yawe mafupi, sauti ya chini, kwa sababu kitanda cha pili kuna mwenye maumivu na cha tatu kuna mtu wa imani nyingine. Akisema hapana, mpe uji wake na umtakie nafuu kwa uso uleule.

Vinavyosaidia wodini ni vitu vidogo: kipande cha sabuni, maji ya moto kwenye chupa ya chai, kanga iliyofuliwa, vocha ya simu ili ampigie mwanawe. Kwa akina mama kule Meta, kitengo cha uzazi cha hospitali hiyo, ongezeni pamba na nguo za kichanga. Na tafadhalini msimsahau anayemuuguza. Yule dada aliyelala kwenye mkeka nje ya wodi huenda hajala tangu jana, na hakuna anayemwona kwa sababu haumwi.

Msiahidi. Mgonjwa akikwambia ameshindwa gharama, usiseme "kanisa litaangalia". Hospitali za umma zina ofisi ya ustawi wa jamii, na upo utaratibu wa msamaha kwa asiyeweza kulipa. Mtafute afisa ustawi wa jamii, mweleze, na kama mgonjwa hawezi kutembea mwombe afike kitandani. Kazi hiyo ya nusu saa huzidi mchango wowote ambao tungepitisha kikapu kuutafuta. Hata neno "tutarudi Jumamosi" liseme tu kama jina la atakayerudi limeshaandikwa.

Huduma ya wagonjwa si jambo geni kwetu. Wamisionari wa Kibaptisti kutoka Marekani, walioanza kazi Tanganyika mwaka 1956, waliweka hapa Mbeya hospitali ya kifua kikuu. Siku hizi wagonjwa wengi wa kifua kikuu hutibiwa wakiwa nyumbani, kwa dawa za bure ambazo kwa kawaida humezwa miezi sita. Mwezi wa pili mgonjwa anaanza kunenepa, kikohozi kinakata, anaona hakuna haja ya kuendelea. Hapo ndipo wadudu wanapojenga usugu. Kama mgonjwa ameridhia mumtembelee, kazi yenu ni kufika, kumuuliza kama amemeza leo, na kumkumbusha tarehe ya kliniki. Kwenye kipindi cha maombi cha katikati ya wiki, jina lake lisitajwe pamoja na ugonjwa wake bila idhini yake. Nasisitiza sana hili. Siri iliyotoka kwa njia ya maombi huumiza kama iliyotoka kwa njia ya umbea, na aliyeumizwa hivyo harudi kanisani.

Nendeni wawili wawili, kama Bwana alivyowatuma wale kumi na wawili. Mnalindana na majaribu, mnalindana na maneno ya watu, na mmoja akihama mwenyeji anabaki na sura anayoijua. Kwa watoto sharti hili halina ruhusa ya kulegezwa: mtu mzima mmoja na mtoto mmoja hawakai peke yao chumbani, mlango unabaki wazi, hakuna kumsindikiza mtoto gizani peke yako. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka anayejua kwamba mtoto anadhulumiwa atoe taarifa. Mkiona alama za kipigo au mtoto akiwaambia jambo zito, msiitishe kikao cha kusuluhisha familia. Mwambieni mratibu siku hiyohiyo, na taarifa ifike ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto ni ya bure. Iandikeni ukutani pale mnapofundishia.

Sasa wajane. Msibani sisi ni hodari: turubai, maji, kuni, kwaya, wali unaiva kwa wakati. Matanga yakianuliwa kila mtu anarudi kwake, na shida ya mjane ndiyo kwanza inaanza. Shemeji wanaulizia shamba, mwenye nyumba anaulizia kodi, benki inataka karatasi. Kundi letu hurudi nyumbani kwa mjane baada ya matanga kwa sababu hiyo. Msianze na unga. Anzeni kwa kumuuliza kama cheti cha kifo kimepatikana kutoka RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kama kikao cha ukoo kimekaa na muhtasari wake uko wapi, na kama msimamizi wa mirathi amependekezwa. Cheti cha ndoa kitafutwe na kitunzwe. Kama ndoa ilifungwa kanisani kwetu, ofisi ya kanisa ina daftari. Msimshauri kama mawakili, kwa sababu sheria za mirathi zina njia zaidi ya moja na ushauri wa kukisia unaweza kumpotezea nyumba. Mpelekeni kwa wasaidizi wa kisheria, ambao wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na siku ya mahakama mmoja wenu aketi naye kwenye benchi. Nimeona shemeji akipunguza sauti kwa kuona tu kwamba mama huyu hakuja peke yake.

Mtakutana na jirani Mwislamu, na mtu asiye na dini, na aliyeacha kanisa akiwa amekasirika. Wote wahudumiwe sawa. Kuna anayedhani msaada ni mlango wa kumleta mtu ubatizoni, na huwa ananiambia kwa ari njema kabisa. Lakini sisi tunabatiza anayekiri imani kwa kinywa chake mwenyewe, kwa hiari yake. Ndiyo maana hatubatizi watoto wachanga. Kukiri kulikonunuliwa kwa kilo tano za sembe si kukiri. Thomas Helwys, aliyeongoza kanisa la kwanza la Kibaptisti katika ardhi ya Uingereza, pale Spitalfields mwaka 1612, alimwandikia mfalme kwamba hana mamlaka juu ya roho za raia wake, wawe Wakristo, Waislamu au Wayahudi. Alitupwa gerezani Newgate na hakutoka hai. Mtu wa asili hiyo hawezi kumwekea mwenye njaa sharti la dhamiri. Mkiulizwa kwa nini mnafanya haya, semeni habari za Yesu bila aibu. Msipoulizwa, gaweni unga.

Na simu zibaki mfukoni. Picha ya mama akipokea mfuko wa unga huku ameinamisha macho haiingii kwenye kundi la WhatsApp la kanisa. Washirika wanahitaji taarifa, na taarifa ni karatasi: tulikwenda wapi, fedha kiasi gani, risiti hizi hapa, kimebaki kiasi gani. Fedha zihesabiwe na watu wawili na kusainiwa hapohapo.

Akina mama wa kuweka na kukopa wana nidhamu ya fedha ambayo natamani makundi yote yangeiga. Mfumo wao ulianzia Niger mwaka 1991, ukaenea Afrika nzima. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa wanachama watatu, na sanduku liko kwa mtu wa nne. Hisa zinahesabiwa mbele ya wote kwa sauti. Mfuko wa jamii unakaa kando na fedha za mikopo, kwa ajili ya msiba na ugonjwa. Mnaojiunga jueni kwamba tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 vikundi vya namna hii vinatakiwa kusajiliwa, hata vinavyokutana kanisani. Baraka za mchungaji hazichukui nafasi ya cheti.

Kundi la gereza, pale Ruanda hapa Mbeya, nitasema machache kwa sababu mtaelekezwa na wenyeji. Barua ya maombi hutangulia, orodha ya vitu inapitishwa na uongozi wa gereza, kila kitu kinakaguliwa. Msiulize mtu alifungwa kwa kosa gani. Msibebe ujumbe wala barua kutoka ndani, hata akilia.

Vijana wanaochangia damu: mchangiaji awe na miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, wanaume kila baada ya miezi mitatu na wanawake minne. Kuleni vizuri asubuhi ile na mnywe maji.

Ukichoka, sema. Ukihamishwa kikazi, sema mapema. Mpeleke atakayekurithi mpaka nyumbani kwa mjane, umtambulishe mbele yake, umwachie daftari lenye tarehe za kliniki na namba ya kesi. Fanya hivyo mara mbili kabla hujaondoka, ili mara ya tatu aende na mwenzake bila wewe na mama amfungulie mlango kwa jina.

Kundi la hospitali tunakutana Jumamosi saa tatu asubuhi jikoni kwa kanisa. Mje na daftari dogo, kalamu, na chupa ya chai ambayo mfuniko wake hauvuji.