Kabla ya kuandika katiba, azimaneni taa

Dada mmoja anayeongoza kikundi cha dansi ameniandikia. Mjini kwao vipo vikundi vinne vya dansi, viwili vya maigizo, kwaya tatu na wachoraji wasio na idadi, na wote wanagombania watazamaji walewale. Juzi kikundi jirani kimemchukulia wachezaji wawili, wiki mbili tu kabla ya onyesho. Baada ya maelezo marefu, swali lake lilikuwa la mstari mmoja: "Hivi kweli sisi watu wa sanaa tunaweza kushirikiana, au tunadanganyana?"

Nilimjibu kwa kifupi, kisha usingizi ukanipaa. Swali hilo nimeshalijibu kwa vitendo mara mbili, na mara ya kwanza nililijibu vibaya sana.

Nianze na usiku wa watu 11. Kikundi chetu cha maigizo kilikuwa na miaka minne wakati ule. Tulikuwa tumefanya mazoezi miezi mitatu, mchezo wa wahusika tisa, na mimi nilishaanza kujiona mwongozaji wa maana. Dakika chache kabla ya kuanza nikachungulia kwenye upenyo wa pazia, pale kitambaa kilipochakaa kwa sababu kila mwigizaji huchungulia palepale. Nikahesabu 11. Nikarudia, nikidhani nimeruka safu. Walikuwa 11 vilevile, na watatu kati yao walikuwa mama wa mwigizaji wetu mkuu na wadogo zake. Waigizaji tisa, ongeza mtu wa taa na mtu wa sauti: idadi yetu ilikuwa sawasawa na ya waliokuja kututazama.

Tulipomaliza nikatoka nje kupunga upepo. Mtaa wa pili kwaya ilikuwa inaimba, nao wana lao usiku uleule. Kesho yake nikasikia kwamba kikundi kingine cha maigizo, mahasimu wetu wa siku nyingi, kilikuwa kimezindua mchezo saa ileile upande wa pili wa mji. Kumbi tatu, zote viti vitupu. Na sote watatu tukatoka na maneno mamoja: watu wa mji huu hawapendi sanaa. Uongo mtupu. Walikuwa wamegawanywa mafungu matatu, na waliowagawa ni sisi.

Basi nikapata wazo kubwa, na hapo ndipo nilipoharibu. Nikaitisha mkutano, vikundi tisa vikaja. Tukasema tuunde umoja. Tulikaa vikao sita: jina, nembo, katiba, uongozi. Kikao cha nne kilikula saa mbili na nusu kwa jambo moja tu, jina la nani litangulie kwenye bango. Na niungame hapa, maana nimewahubiria wengi kuhusu unyenyekevu: mimi nilikuwa nautaka uenyekiti. Niliutaka mpaka nikaupata.

Tamasha letu la pamoja lilikuwa na utaratibu kwenye karatasi tu. Kila kikundi kilipewa dakika 20. Cha pili kilikaa jukwaani dakika 55. Kwaya, iliyopangwa mwisho, iliimbia migongo ya watu wanaotafuta mlango. Kisha zikaja hesabu. Hatukuwa tumekubaliana popote kwa maandishi jinsi ya kugawana mapato, kwa hiyo kikundi kilichojaza nusu ya ukumbi kikapewa sawa na kilichokuja na wanachama wake peke yao. Unaweza kukisia yaliyofuata.

Lililoniuma zaidi lilikuja baadaye. Kikundi kimoja kilijitoa, kikaondoka na orodha ya namba za watazamaji tuliyoikusanya wote, kikaenda kujitambulisha kwa wafadhili kwamba kile ndicho kilichoandaa tamasha. Sitakitaja. Wenyewe wanajijua, na najua wananisoma. Nimesamehe, lakini kusahau bado.

Miaka miwili tukanuniana.

Kilichotupatanisha hakikuwa kikao. Siku moja alasiri simu ikalia, anapiga kiongozi wa wale mahasimu wetu. "Mkubwa, najua hatusemezani. Mitambo yetu ya taa imeungua na tunafungua milango saa moja usiku." Nilikuwa na jibu tayari kinywani, na halikuwa zuri. Lakini fundi wetu wa taa alikuwa amesimama karibu, akasikia, na kabla sijakata simu alikuwa ameshaanza kukunja nyaya. (Mafundi wa taa hawana mahasimu. Wana taa zinazowaka na taa zisizowaka.) Tukawaazima taa nne na fundi mwenyewe.

Asubuhi yake zikarudi. Nyaya zimeviringishwa vizuri na kufungwa kamba, kila moja na karatasi ya jina letu. Nikajaribu taa moja moja. Ya tatu, ambayo balbu yake ilikuwa imekufa tangu kwetu na mimi nilijua, iliwaka. Walikuwa wamenunua balbu mpya na hawakusema neno.

Wiki ile nilimpigia nikamuuliza onyesho lao lijalo ni lini. Kalenda yetu ilizaliwa hapo. Jedwali la ukurasa mmoja mtandaoni, lisilo na nembo wala mwenyekiti. Sheria ni mbili. Aliyeandika tarehe kwanza ni yake. Ukilazimika kuingia kwenye tarehe ya mwenzio, mpigie kabla hujabandika bango. Kwaya ikaingia, wapiga muziki wakafuata, wachoraji wakaja mwisho, kama kawaida yao. Mwaka wa pili tukaanza kuheshimu vishina vya tiketi: ukija na kishina cha onyesho la kikundi chochote kati yetu, kwetu unapunguziwa bei. Na safari hii mgawanyo wa mapato ya kazi za pamoja unaandikwa na kusainiwa kabla ya zoezi la kwanza, hata kama mnapendana. Hasa kama mnapendana.

Msimu uliokwisha mwezi uliopita vikundi vilikuwa saba, na hakuna Jumamosi hata moja iliyogongana. Usiku wa mwisho sikuchungulia pazia lolote. Nilikuwa mlangoni kwenye onyesho la kwaya, nakata tiketi za watu wengine, na foleni ilipinda kona. Naringa kidogo, mniwie radhi.

Wanaonijia wakitaka niwasaidie kuandika katiba huwa nawapa habari za Edinburgh, Uskochi. Mwaka 1947 tamasha kubwa la kimataifa lilipoanza kule, vikundi vinane vya maigizo vilikuja bila kualikwa, vikajitafutia kumbi vyenyewe pembezoni. Hiyo ndiyo mbegu ya Fringe, ambayo leo ni miongoni mwa matamasha makubwa kabisa ya sanaa duniani. Chama chao rasmi kiliundwa 1958. Miaka 11 baadaye! (Namba hiyo inaniandama.) Na kilipoundwa kazi yake ilikuwa kutoa habari, kuchapisha ratiba na kuuza tiketi mahali pamoja, huku kikijizuia kuchagua nani aonyeshe na nani asionyeshe. Berlin nako, makumbusho yalipoanzisha usiku wao mrefu mwaka 1997, yaani usiku mmoja ambao mengi hubaki wazi hadi usiku wa manane, vilivyowaunganisha watu vilikuwa tiketi moja na mabasi ya kuwazungusha. Tiketi na basi, jamani.

Kwa hiyo ndugu zangu, acheni kupenda vyeo. Anzeni na kalenda. Mkishakuwa na kalenda, azimaneni vitu: taa, spika, viti, fundi. Mkishaazimana vitu na vikarudi salama, ndipo mzungumzie fedha. Nani kawaroga mpaka mnaanza na nembo? Mji haujali bango limemtanguliza nani. Mtu anataka Jumamosi atoke nyumbani aone kitu kizuri, na Jumamosi inayofuata aone kingine. Nasema tena, anzeni na kalenda.

Na wewe dada yangu, kuhusu wale wachezaji wawili. Nakuelewa, inauma. Lakini mchezaji si mali ya kikundi, na mwenye kipaji atacheza mahali pawili ukitaka usitake. La kupigania ni ratiba ya mazoezi isimpasue katikati. Mpigie kiongozi wa kile kikundi. Wachezaji usiwataje kabisa. Muulize tu onyesho lao ni lini, kisha siku hiyo nenda, ulipe mlangoni kama mtu mwingine.

Jana jioni ameniandikia tena. Amepiga. Kumbe maonyesho yao yameangukia usiku mmoja, na sasa wanabishana nani asogee.