Masika wa Bwera, Nakku wa Bakka

Bwera, Kasese

Mwanangu Biira,

Salamu kwako na kwa mkwe wangu. Barua yako imefika. Unauliza mtoto mnayemtarajia mwezi wa tatu aitwe nani, maana ukweni wamekwisha kusema kwamba mtoto wa Muganda hupewa jina la ukoo wa baba yake, na wewe hutaki Ukonzo, kabila letu, uishie kwako. Nakuandikia Kiswahili badala ya Lukonzo ili mumeo naye ajisomee. Kiswahili chake cha kambini kinatosha kabisa, na neno hili si la kutafsiriwa na mtu aliye upande mmoja.

Majina hayo mawili hayagombani, kwa sababu kila moja lina swali lake. La Kiganda linajibu: huyu ni wa nani? La kwetu linajibu: huyu ni wa ngapi? Ugomvi huanza pale watu wanapolichukua moja wakalilazimisha lijibu swali la mwenzake.

Nianze na la kwao, maana ndilo lenye masharti mengi. Kwa Baganda majina ni mali ya ukoo, ekika. Mumeo ni wa Ffumbe, yaani mwiko wake, mnyama ambaye ukoo wake haumli, ni fungo, na mwiko wake mdogo, akabbiro, ni chura, Kikere. Mkuu wa ukoo huo huitwa Walusimbi, na makao yake ni Bakka, Busiro. Mtoto wenu, awe wa kike au wa kiume, ni wa Ffumbe kwa sababu baba yake ni wa Ffumbe. Hilo wala usilijadili nao. Lakini angalia jambo ambalo hata vijana wao wa mjini wamelisahau: kwa desturi yao mtoto habebi jina la baba yake. Hupewa jina lake mwenyewe kutoka katika hazina ya ukoo. Ndiyo maana ndugu watano wa baba mmoja na mama mmoja huwa na majina matano tofauti, na Muganda yeyote anayeyajua akiyasikia hutambua mara moja kwamba wote ni wa mwiko mmoja, na kwamba hakuna kijana wa ukoo huo anayeweza kumposa binti yao.

Kwa hiyo mumeo akisema binti aitwe kwa jina lake yeye, kama Wazungu wanavyofanya, mkumbushe kwa upole kwamba hiyo si desturi ya kwao wala ya kwetu. Majina mengi ya kike ya Kiganda huanza na Na, na binti aliyebeba jina la kiume atakuwa akiulizwa maswali kila anapokwenda kijijini.

Mumeo aende kwa baba yake, au kwa jjajja, babu yake, kama bado ana nguvu ya kuzungumza, kabla hujajifungua. Asiende mikono mitupu. Aombe majina matatu au manne ya kike na mengine kama hayo ya kiume, na kwa kila jina aulize mambo mawili: nani alilibeba mara ya mwisho, na maisha yake yalikuwaje. Majina yao mengi yametoka katika methali, na mengine yametokana na msiba au ugomvi wa zamani. Ni afadhali kulijua hilo sasa kuliko kuambiwa na ssenga, shangazi wa upande wa baba, mtoto akiwa na miaka kumi. Wazee wa nyumba wakitofautiana, suala hupanda ngazi: kutoka nyumba hadi matawi makubwa zaidi ya ukoo, lunyiriri, kisha mutuba, kisha ssiga, mpaka juu kwa Walusimbi. Kwa jina la mtoto mmoja sidhani kama mtafika huko.

Akiwa wa kike, mimi ningependa Nakku. Ni jina la Ffumbe tangu enzi za masimulizi ya wafalme wao wa mwanzo, ni fupi, na ulimi wa Mkonzo haujikwai nalo. Akiwa wa kiume, jihadharini na Mukasa, Musoke na Kiwanuka. Ni majina mazuri, lakini asili yake ni mizimu mikubwa ya Buganda, Mukasa wa ziwa, Musoke wa upinde wa mvua, Kiwanuka wa radi, na utayakuta katika koo nyingi. Ukisikia Mukasa hujui ni wa nani, na hilo ndilo swali ambalo jina la upande wao lilitakiwa kulijibu.

Sasa la kwetu. Unaijua orodha, lakini naiandika kwa ajili ya mumeo. Wavulana: wa kwanza Baluku (au Mumbere, au Nzanzu), wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule, wa tano Thembo, wa sita Mbusa. Wasichana: wa kwanza Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho, wa nne Mbambu, wa tano Ithungu. Hesabu ni ya tumbo la mama. Mwenye wake wawili anaweza kuwa na akina Baluku wawili nyumbani na hakuna aliyekosea. Hapo ndipo faida yako ilipo, mwanangu: kwa kuwa hesabu inamfuata mama, jina hili ni lako kulitoa, na halichukui hata punje kutoka katika ukoo wa mumeo. Hata usipoliandika popote, siku utakapomleta Bwera wataanza kumwita Masika kabla hujateremka kwenye gari.

Kosa ninaloliona kwa vijana wanaooana na makabila mengine ni kuchagua jina la orodha kwa utamu wake. Wanasikia Kabugho linapendeza, wanampa mtoto wa kwanza. Mkonzo yeyote akikutana na mtoto huyo atauliza dada zake wawili wako wapi, na mama atakuwa akieleza maisha yake yote kwamba hakuzika mtu. Jina la hesabu likitolewa nje ya hesabu ni uongo, hata kama hakuna aliyekusudia kudanganya.

Kuna na Muhindo. Hili hupewa yule anayegeuza mfululizo: msichana, msichana, halafu mvulana, au kinyume chake. Halichagui jinsia. Kwa hiyo mkipata Masika na baadaye akafuata mvulana, wazee wanaweza kumwita Muhindo badala ya Baluku. Muulizeni shangazi yako wakati huo, msijiamulie wenyewe halafu mje na cheti kimekwisha chapwa. Na mkijaliwa pacha, upande wa baba utashika usukani bila kuomba ruhusa: wasichana ni Babirye na Nakato, wavulana ni Wasswa na Kato, na wakichanganyika, wa kwanza hubeba jina la mkubwa wa jinsia yake na wa pili la mdogo. Wewe utakuwa Nnalongo, mumeo Ssalongo, na atakayewafuata atakuwa Kizza. Hapo usishindane.

Majina yanapovuka lugha, yasemeni kwa sauti kabla ya kuyaandika. Kule wetu akiingia darasa la Kiswahili, mwalimu atauliza "Kule yuko wapi?" na darasa zima litajibu "Yuko kule!" Thembo watamfanya ndovu, na wengine watamfanya pombe. Masika, kwa bahati, kwa Kiswahili ni majira ya mvua kubwa, na mwezi wa tatu ndipo yanapoanza. Upande wa Luganda liko karibu na musika, mrithi, kwa hiyo ukweni watalipokea kwa tabasamu. Sioni jina jingine katika orodha yetu lenye bahati hiyo.

Jina la dini msilifanye kuwa gumu. Kama mtabatiza Katoliki, sheria ya Kanisa ya sasa haidai jina la mtakatifu. Inachokataza ni jina lililo kinyume cha moyo wa Kikristo. Masika linabatizika. Mkitaka mtakatifu, kwa mvulana kuna Kizito na Lwanga, mashahidi wa Uganda waliotangazwa watakatifu mwaka 1964, na Kizito limekwisha kuwa la kila kabila hapa nchini. Ila kumbukeni kwamba hilo nalo ni la Kiganda. Likichukua nafasi ya kwanza na la ukoo likachukua ya mwisho, sisi tutabanwa katikati kama abiria wa nne kwenye kiti cha teksi.

Haya, karatasi. Hapa ndipo mambo mengi huharibika, na si kwa ubaya wa mtu.

Muuguzi hajui majina yenu. Mtoto akizaliwa, kwenye karatasi ya hospitali na kadi ya chanjo huandikwa "mtoto wa" na jina la mama. Yaani kadi itasoma Biira. Ukiipeleka hivyo kuandikisha kuzaliwa, karani mwenye haraka anaweza kulinakili jina lako kuwa la mtoto, na ghafla binti yako wa kwanza anaitwa "msichana wa pili" katika kitabu cha serikali. Andikeni majina kamili kwenye karatasi kwa herufi kubwa, seti ya kike na seti ya kiume, muiweke kwenye begi la kujifungulia pamoja na kanga na pamba. Mumeo abaki na nakala.

Mfikapo NIRA, ofisi ya serikali ya vitambulisho na uandikishaji, fomu itataka jina la ukoo au familia, jina lake, na majina mengine, pamoja na kabila na ukoo wa wazazi. Ushauri wangu: Nakku likae nafasi ya jina la familia, Masika liwe jina lake, la dini liwe la tatu. Usiugeuze mpangilio huo. Masika likikaa nafasi ya familia, mtoto wa pili wa kike atakuwa na familia ya Biira, wa tatu familia ya Kabugho, na kompyuta haijui kwamba hiyo ni hesabu. Majina matatu yanatosha. La nne ndilo hukatwa na fomu za benki na za mitihani, na huwezi kuchagua ni lipi litakalokatwa.

Kisha isomeni herufi moja moja kabla ya kusaini. Masika halina mtego, lakini ndugu zake wanao: Thembo huwa Tembo, Kabugho huwa Kabugo, wewe mwenyewe wamekuandika Bira mara ngapi? Na Nakku lina k mbili. Ikiondoka moja, Muganda atasoma neno lililo jirani na ennaku, taabu na huzuni. Kwa k moja tu. Kuna na tahajia za ng'ambo ya mto: huko Kongo wenzetu Wanande huandika Paluku, Kambale, Kasereka, Kavira kwa wale wale Baluku, Bwambale, Masereka na Biira. Msiandike za huko hata kama zinapendeza. Mtoto wa Mpondwe, hapa mpakani, mwenye jina la tahajia ya Kongo hatachelewa kuulizwa uraia wake.

Majina yaliyo kwenye cheti yawe ndiyo hayo hayo shuleni tangu siku ya kwanza, kwa mpangilio huo huo. Mwalimu akiandikisha darasa la saba kwa UNEB, baraza la mitihani, kwa jina la nyumbani, cheti cha PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kitasema moja na cha kuzaliwa kitasema jingine, na siku ya pasipoti mtaanza safari ya viapo, tangazo katika Gazeti la Serikali na ada zake. Ni kazi ya miezi kwa kosa la dakika moja.

Mumeo atauliza: je, tukisafiri, baba na binti hawana hata jina moja la pamoja? Ni kweli, na afisa wa nchi nyingine anaweza kushangaa. Dawa yake ni cheti cha kuzaliwa kinachowataja wazazi wote wawili, kibebwe pamoja na pasipoti. Wapo wanaoongeza jina la baba mwishoni kwa ajili ya hilo. Mimi sipendi, kwa sababu ni kubadili desturi za koo mbili ili kumrahisishia kazi mtu wa dirishani, lakini ni mtoto wenu. Mkiamua hivyo, fanyeni kwa watoto wote, si kwa mmoja.

Mumeo aende kwa jjajja wakati wa Krismasi, watu wakiwa wamerudi kijijini, kisha nitumieni majina ya kiume waliyoyatoa niyasome kwa sauti huku. La kike sina haja ya kusubiri. Shangazi yako amekwisha kuanza kusema Masika anakuja na mvua.

Mama yako