Mombasa kikazi siku tatu, muda wa kutembea unaupata wapi?

Mkuu umesema unaenda Mombasa siku tatu, semina kila siku saa tatu asubuhi mpaka saa kumi jioni, na hutaki kurudi na picha za ukumbini tu. Mimi nimeshaenda kikazi mara nne, mbili za kwanza nikarudi sijaona kitu maana nilikuwa nasubiri siku ya mwisho nikiwa huru, kumbe siku ya mwisho ndo ya kufunga begi na kukimbizana na treni, na stesheni ya SGR yenyewe iko Miritini, sio mjini kama nilivyodhani.

Sahau siku ya mwisho, tumia alfajiri. Saa kumi na mbili na nusu jua lishatoka na joto bado halijaanza fujo zake. Lala hoteli ya kisiwani sio kule Nyali, ili uingie Mji Mkongwe kwa miguu, upite Ndia Kuu polepole ukitazama milango ya kuchonga na roshani za mbao zilizoning'inia juu ya njia, na mnara mweupe wa msikiti wa Mandhry uliochongoka kwenda juu. Nilikaa barazani na kikombe changu cha kahawa tungu, mzee mmoja akaniuliza "wewe wa bara eh?" hata sijafungua mdomo, nadhani ni viatu.

Ngome ya Fort Jesus iweke jioni ya siku ya kwanza, ukitoka tu semina nenda moja kwa moja. Wareno waliijenga 1593 hadi 1596, Waomani wakaizingira tangu 1696 na kuiteka 1698, baadaye Waingereza wakaigeuza jela kuanzia 1895 mpaka 1958. Watu wanakimbilia kupiga picha kwenye mizinga, ila mimi kilichoniganda ni ile michoro ya ukutani, wanajeshi na mabaharia wa Kireno walichora meli zao kwa makaa na udongo mwekundu, unaona kabisa mtu alikuwa kazubaa lindoni anawaza kwao. Nilisimama pale mpaka wenzangu wakaniacha.

Bichi ndo nilipochemsha. Nimetoka mkutanoni na viatu vya ofisi, nimechukua tuktuk mpaka Bamburi, nafika bahari haipo! Maji yamekupwa, ni mwani na mawe mpaka mbali huko. Kwa hiyo uliza kwanza maji yanajaa saa ngapi, na kumbuka kila siku yanachelewa kama dakika 50, yaani leo yakijaa saa kumi kesho ni karibu na saa kumi na moja. Kama saa hazikubaliani na semina yako usilazimishe, nenda bustani ya Mama Ngina kando ya bahari, pale unakaa juu ya jabali na dafu lako na mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, meli za kontena zinapita mbele yako kuingia bandari ya Kilindini, kubwa kama mtaa unaotembea, watoto wanazipungia mkono.

Ukibaki na saa moja panda feri ya Likoni kwa miguu, hulipi, ila isiwe asubuhi ya semina, niliwahi kufanya hivyo nikaingia ukumbini watu wako kwenye chai.

Halafu beba shati la ziada, lile la alfajiri litakuwa limelowa chapachapa kabla hujamaliza hata Ndia Kuu.